MATONE YA CHUMA SI DENI LA FUNDI

Ndugu wafanyakazi wa vyuma,

Kuna desturi mbaya iliyoota mizizi katika karakana zetu, nayo lazima ing'olewe. Mwisho wa mwezi fundi wa weldingi anapokea hati ya mshahara, anaona shilingi zimepungua. Akiuliza anaambiwa: "Kazi yako ilijaa matone. Diski za grainda zimekwisha kwa kuyaondoa. Ulitaka nani alipe?" Na msaidizi wake, kijana wa kibarua, amebaki na tindo na nyundo mpaka saa moja ya usiku bila ovataimu. Kwa nini? Kwa sababu, asema nyapara, "mnasafisha uchafu wenu wenyewe."

Chama kinasema: uchafu huo si wetu peke yetu, na hatutaulipia. Hatusemi hivi kwa hasira tu. Twasema hivi kwa sababu kazi hii twaijua. Soma mpaka mwisho, kisha mpe mwenzako naye asome.

MATONE YATOKA WAPI?

Fundi anajua, lakini tajiri aliyeko ofisini huenda hajashika holda hata siku moja, basi tumweleze.

Stima ikipita kati ya ncha ya rodi na chuma, huwaka mwali mkali. Ncha ya rodi huyeyuka, na chuma kile chavuka tone kwa tone mpaka kwenye dimbwi la mshono. Mwali ukitulia, tone hufika mahali pake. Mwali ukivurugika, tone hupasuka, huruka pembeni, huganda juu ya chuma kizuri. Hayo ndiyo matone tunayogombania. Usiyachanganye na lile ganda linalofunika mshono. Ganda latokana na unga uliopaka rodi, nalo lina faida yake, kwa maana hulinda mshono unapopoa. Ganda hupigwa likadondoka. Tone hushika kama kupe.

Basi swali la haki ni moja tu: Ni nini kinachovuruga mwali, na kitu hicho kiko mikononi mwa nani?

YALIYO MIKONONI MWETU

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata tajiri ana haki yake, nasi tutampa. Yako mambo manne ambayo fundi ndiye mwenye kuyatawala.

Kwanza, nguvu ya stima. Rodi ya E6013 yenye unene wa milimita 2.5 yataka ampea 60 mpaka 90 hivi. Ile ya milimita 3.2 yataka 80 mpaka 130 hivi. Tazama maandishi ya pakiti, kwa maana kila mtengenezaji ana yake. Anayepandisha ampea ili amalize upesi, matone yatamwambia.

Pili, urefu wa mwali. Nafasi kati ya ncha na chuma isizidi sana unene wa waya wa ndani ya rodi. Ukiinua mkono, mwali unayumba na matone yanatawanyika kama mtama uliomwagwa.

Tatu, mlalo wa rodi. Ukiilaza mno, mwali wasukuma chuma nje ya dimbwi.

Nne, usafi. Kutu, rangi, mafuta na maji hutoa mvuke katika moto, na mvuke hulipua dimbwi. Brashi ya waya kabla ya kazi yaokoa tindo baada ya kazi.

Mambo haya manne ni heshima ya ufundi wetu. Mwanachama anayejiita fundi na ayashike, na mzee wa kazi amfundishe kijana bila choyo. Chama hakitetei uvivu. Lakini sasa tufungue ukurasa wa pili, ule ambao nyapara hausomi.

YALIYO MIKONONI MWA TAJIRI

Rodi. Nani ananunua rodi, na nani anashika ufunguo wa ghala? Si fundi. Mara ngapi umepewa pakiti iliyopasuka, iliyokaa sakafuni ya simenti msimu mzima wa mvua? Mombasa hata hewa yenyewe ina maji. Rodi iliyonywa maji yajulikana kwa sauti: hulia kama mafuta yenye maji katika karai, hutema, na hutoa moshi mwingi. Rodi za E7018 ndizo zenye kuogopa maji kuliko zote. Pakiti ikifunguliwa, zapaswa kukaa katika tanuri lenye joto la digrii 120 mpaka 150. Zikinywa maji, zirudishwe motoni tena, digrii 260 au zaidi, kama maandishi ya mtengenezaji yasemavyo. Rodi za E6013 hazitaki tanuri kali namna hiyo. Zataka ghala kavu tu, juu ya rafu, mbali na ukuta. Je, rafu ni gharama kubwa? Tena maji hayaleti matone peke yake. Huleta vitundu ndani ya mshono, na katika chuma kigumu huleta ufa usioonekana. Tajiri anayekata mshahara kwa sababu ya matone, huku rodi zake zikiloa, huenda anauza ufa kwa mteja wake bila kujua.

Mashine na waya. Waya wa holda umekatika mara tatu ukafungwa kwa tepu. Kibano cha kurudisha stima kimechakaa, chashika juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Mwali utatuliaje? Na pale penye mashine ya DC, sumaku ya stima yenyewe huweza kuuvuta mwali upande mmoja, hasa kwenye pembe na mwisho wa mshono. Dawa yake ni kuhamisha kibano, kufupisha mwali, au kutumia AC kama rodi yakubali. Lakini kibano kikiwa na waya wa mita mbili tu, utakihamishia wapi?

Gesi. Hapa tunasema na ndugu zetu wa mashine za waya, zile za MIG. Gesi ya CO2 tupu ni ya bei nafuu, nayo hupenya vizuri katika chuma kinene, hatuikatai. Lakini kila fundi wa MIG anajua kwamba hutupa matone mengi. Gesi iliyochanganywa, argoni sehemu 75 mpaka 80 kwa mia na CO2 sehemu 20 mpaka 25, huutuliza mwali na kupunguza matone sana. Ni tajiri anayechagua mtungi. Akichagua mtungi wa bei ndogo, amechagua pia saa za kusafisha. Hawezi kuweka faida ya gesi mfukoni mwake na kuweka hasara yake katika hati ya mshahara wetu. Na kile kijipua cha shaba ambacho waya hupitia, kikichakaa tundu lake likawa pana, waya hucheza na mwali hukatika. Kijipua hicho ni kitu kidogo, lakini fundi hukiomba wiki nzima.

Haraka. Hii ndiyo mama yao wote. "Milango kumi kabla ya Ijumaa!" Hakuna wakati wa kusugua kutu, hakuna wakati wa kujaribu ampea juu ya kipande kibovu. Halafu Ijumaa ikifika, lawama: "Mbona kazi chafu?"

Basi hesabuni wenyewe. Mambo manne ni ya fundi, na manne ni ya tajiri. Hata lile la usafi, ambalo ni la fundi, halina nguvu kama tajiri hampi fundi dakika za kusugua. Kwa haki gani deni lote laandikwa upande mmoja?

Na hata mambo yote yakiwa sawa, rodi ya kawaida haikosi kutupa matone kidogo. Ndiyo tabia ya moto huu. Kumkata fundi mshahara kwa sababu matone yameonekana ni sawa na kumkata mpishi kwa sababu jikoni kuna moshi.

HESABU AMBAYO OFISI HAIFANYI

Tuchukue mfano. Mlango mmoja wa chuma una maungo 40. Ikiwa kila ungo lataka dakika 2 za tindo na grainda, mlango mmoja wala dakika 80. Milango 5 yala dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40. Karibu siku nzima ya kazi! Ndani ya siku hiyo mna stima, mna diski, mna jasho la watu wawili. Ukipunguza matone kwa nusu, umeokoa zaidi ya saa 3. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tajiri mwenye akili angenunua rafu, kibano kipya na rodi kavu, akapata faida. Lakini kwa nini anunue, ikiwa saa zile 6 hazimgharimu kitu? Akijua kwamba kijana atasafisha bure usiku, na diski zitakatwa kwa fundi, hana sababu hata moja ya kutengeneza ghala lake.

Hapo ndipo penye shina la shauri hili, ndugu zangu. Kazi ya bure ndiyo inayozaa matone. Siku ile kusafisha kutakapolipwa kama kazi, utashangaa jinsi rodi zitakavyokauka upesi.

KUYAONDOA NI KAZI, SI ADHABU

Tena ni kazi yenye ufundi na hatari yake. Anza na chombo chepesi. Brashi ya waya huondoa yaliyoshika kidogo. Kisha kikwaruzo au tindo bapa, ulilaze karibu na chuma, ukigonga kwa ubavu ili usichimbe. Grainda iwe ya mwisho, kwa yale matone sugu tu, na afadhali diski ya vipande vya msasa kuliko diski nene ya kusaga. Bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.5 halina unene wa kuchezea. Ukiligrainda ovyo, umeondoa tone na umeondoa nguvu ya bomba. Na chuma kisichoshika kutu kisiguswe kwa brashi ya chuma cha kawaida, kwa maana itaacha vumbi lake na kutu itaanza papo hapo.

Diski ina sheria yake, nayo imeandikwa juu yake. Diski ya milimita 115 ya kawaida yaruhusiwa mizunguko 13,300 kwa dakika. Ile ya milimita 230 yaruhusiwa 6,600 hivi tu. Mashine ndogo nyingi huzunguka karibu 11,000. Anayetoa kinga ya mashine ndogo ili apachike diski kubwa, ameshika bomu mkononi. Nyapara akiamuru hivyo, kataa, ukamwite mwakilishi wa chama.

Macho, ndugu zangu, macho! Fundi akimaliza mshono huinua ngao ya uso, kisha hugonga ganda na matone. Ni wakati huo kipande cha moto hurukia jicho. Yafaa kuwe na miwani myeupe chini ya ngao, na msaidizi awe na yake. Kijana anayeshikilia chuma huku amegeuza uso pembeni hana kinga yoyote. Usiku macho yatamwasha kama yaliyotiwa mchanga, na asubuhi ataambiwa ni mvivu.

Upakaji rangi nao una neno lake. Tone likiachwa chini ya rangi, rangi huwa nyembamba juu yake, huvunjika, na kutu huingia. Ndiyo maana wateja wakubwa hutaja kanuni ya kimataifa, ISO 8501-3, yenye daraja tatu za kutayarisha chuma. P1 yataka yale matone yaliyolegea tu yaondolewe. P2 yataka na yale yaliyoshika kidogo yaondoke. P3 haitaki tone hata moja. Tazameni basi: hata wataalamu wa dunia wanakubali kwamba matone yapo na kwamba kuyaondoa ni kazi yenye vipimo. Kama mteja amelipa bei ya P3, tajiri naye na alipe saa za P3.

MSIDANGANYWE NA DAWA YA KOPO

Wengine wataletewa makopo ya kupuliza, waambiwe, "Haya, matone yamekwisha." Dawa zipo zinazosaidia, hasa zile za maji, na hata chokaa iliyokorogwa na kupakwa kando ya mshono ikakauka. Lakini paka pembeni tu, usipake ndani ya njia ya mshono, maana utapata vitundu. Futa kabla ya rangi, na dawa yenye silikoni usiitumie juu ya chuma kitakachopakwa rangi. Oili chafu ya motokaa si dawa. Ni moshi tu.

Na moja tunaionya kwa sauti kubwa. Ziko dawa za kupuliza na za kusafishia mafuta zenye klorini ndani yake. Zikikutana na joto na mwanga wa weldingi, huweza kugeuka kuwa fosjeni, gesi ile ile ya sumu iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma kopo. Ukiona jina lolote la klorini, au kopo halina maandishi, lisikaribie mwali.

Moshi nao si mzaha. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa weldingi katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Na angalieni: ampea nyingi na mwali mrefu, vinavyoongeza matone, ndivyo vinavyoongeza na moshi. Kwa hiyo anayepigania mwali uliotulia anapigania kifua chake pia.

SHERIA YASEMAJE?

Tajiri hupenda kusema sheria iko upande wake. Tuifungue.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. La MAKUSUDI! Nani awezaye kusimama mbele ya hakimu aseme fundi aliyatupa matone kwa kusudi, kwa rodi mbichi alizopewa na ghala? Na diski iliyoisha kwa kazi haikuharibiwa wala haikupotea. Imetumika, kama wino wa karani. Karani hakatwi wino.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yataka mwenye mahali pa kazi atoe miwani au kinga ifaayo ya macho kwa kazi kama weldingi. Yataka pia kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Kamati hiyo iko kwenu? Ilikutana lini?

Na saa za usiku? Agizo la Jumla la Mishahara lasema ovataimu ni mara moja na nusu kwa siku za kawaida, na mara mbili kwa siku ya mapumziko. Mapatano ya chama yakitoa zaidi, shika hayo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tindo hufanya saa ikawa si saa.

TUNATAKA NINI?

1. Hakuna shilingi kukatwa kwa sababu ya matone, diski au rodi.

2. Saa za kusafisha zihesabiwe tangu kazi inapopangiwa bei, na zikipita wakati zilipwe ovataimu, kwa fundi na kwa kibarua sawasawa.

3. Ghala kavu lenye rafu. Na pale zinapotumika rodi za E7018, tanuri la kuzihifadhi.

4. Waya, vibano na vijipua vikaguliwe kila mwezi. Fundi aulizwe kabla rodi na gesi hazijanunuliwa.

5. Miwani, ngao, glavu na aproni ya ngozi kwa kila mtu aliye karibu na mwali, hata aliyeandikwa asubuhi ile ile.

6. Dawa zenye klorini zitoke katika karakana za weldingi.

Na ninyi wanachama mna kazi yenu. Kila fundi awe na daftari. Andika tarehe, namna ya rodi, hali ya pakiti, ampea, mashine gani, na kasoro uliyomwambia nyapara. Siku ya shauri maneno matupu hupeperuka, lakini daftari hubaki. Usitie sahihi karatasi ya kukubali makato kabla mwakilishi wa chama hajaisoma. Na wewe fundi mkubwa, usimwache kijana wako asafishe usiku peke yake huku wewe umekwisha kwenda nyumbani. Leo anakatwa yeye kwa kuwa ni kibarua. Kesho ni zamu yako.

Ndugu zetu wa Jua Kali, ninyi mnaolipwa kwa kipande katika vibanda vya wenye mashine, msidhani shauri hili si lenu. Bei ya mlango isiyo na saa za kusafisha ndani yake ni makato yale yale, ila yamevaa kanzu nyingine. Patana bei ukiyahesabu.

Tajiri atasema tunadai mengi. Tunadai rodi kavu, waya mzima, macho salama na malipo ya saa tulizofanya kazi. Akitoa hivyo, atapata mishono safi na wateja wa kurudi, na sisi tutasimamia ufundi wetu bila kulazimishwa. Asipotoa, basi matone na yaandikwe katika hesabu zake mwenyewe, wala si katika hati zetu za mshahara.

Leteni madaftari yenu katika mkutano ujao wa tawi. Kila hati ya mshahara yenye makato ya diski iletwe pia, nasi tutaziweka mezani moja baada ya moja.

UMOJA NI NGUVU!